Gari Kuukuu la Chama: Lipimwe Kabla Halijafunguliwa

Mazungumzo yaliyotolewa na fundi wa karakana ya Union katika semina ya wenyeviti, makatibu na madereva wa vyama wanachama



Nilipotakiwa kuzungumza juu ya utunzaji wa magari niliomba ruhusa ya kulipunguza somo. Juu ya kubadili oili na kupiga grisi mmekwisha kusikia mara nyingi, na kila mara mmeahidi kwamba mtafanya. Leo nitashughulika na jambo moja tu, nalo ni namna ya kutambua ni wapi hasa gari kuukuu limechakaa, kabla fedha ya wanachama haijatoka mfukoni.

Nitaanza na kisa ambacho lawama yake ni yangu mimi. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja, kilileta Land Rover lake karakana pamoja na barua yenye mstari mmoja: "Gari linagonga." Dereva alikuwapo, akaeleza vizuri kwamba linagonga linapoanza kuondoka, na tena mguu unapoondolewa kwenye pedali ya mafuta na kurudishwa. Mimi sikumsikiliza hadi mwisho. Nilifungua boneti, injini ikaunguruma mahali pamoja, nikasikia mlio wa valvu, nikatia saini kwamba injini ifunguliwe. Ikafunguliwa. Silinda zikachongwa, pistoni na ringi zikawekwa mpya, na beringi vilevile. Fedha iliyolipa kazi hiyo ilikuwa imetengwa kwa bati za ghala la chama. Gari lilipokwisha kufungwa, likawashwa, injini ikaimba kama cherehani. Dereva akatia gia, akaachia klachi, na kabla hajafika langoni likagonga vilevile kama siku lilipoletwa.

Ndipo nilipolala chini ya gari, jambo ambalo ilinipasa kulifanya siku ya kwanza. Jointi ya nyuma ya propela ilikuwa imekauka grisi, na kuzunguka vikombe vyake kulikuwa na unga mwekundu wa kutu. Nilipoishika propela na kuipinda kwa mkono, ikacheza. Kipuri kilichohitajika hujaa kiganjani. Msimu ule ghala lilivuja, na magunia ya kahawa yaliyolowa yalishuka daraja. Hayo yaliandikwa katika kumbukumbu za mkutano mkuu wa chama, na jina langu limo humo.

Tangu hapo nimejiwekea sharti kwamba injini ya chama haifunguliwi mpaka iwepo karatasi yenye vipimo. Na ninyi mnaoidhinisha malipo mna haki ya kuidai karatasi hiyo, hata kama hamjapata kushika spana.

Nitatumia mfano wa Land Rover la aina ya Series III, kwa kuwa ndilo gari kuukuu ambalo vyama vyetu vingi vinalo au vinashawishiwa kulinunua. Lilitengenezwa Solihull, Uingereza, tangu mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli inayojulikana zaidi ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Ni injini ya kizamani na mvumilivu. Krankshafti yake ilishikwa na beringi kuu tatu, na kuanzia mwaka 1980 ikashikwa na beringi kuu tano. Sifa ya injini mvumilivu ina hatari yake. Huendelea kwenda ikiwa mbovu, na mwenye gari akadhani ni nzima.

Kupima kunaanza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Gusa boneti kwa kiganja. Ukikuta ina joto, mwambie mwenye gari kwamba utarudi kesho. Auzaye gari lililochoka hulichemsha mapema, kwa maana baadhi ya kasoro hujificha injini ikipata moto. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hupigapiga ikiwa baridi, kisha hunyamaza inapotanuka. Taa ya oili nayo iangalieni: inapasa kuzimika mara injini inapowaka. Baadaye, injini ikiwa imechemka na ikiunguruma polepole, iangalieni tena. Ikimetameta wakati huo, mashaka ya kwanza yawe juu ya beringi za krankshafti au pampu ya oili. Nasema mashaka, sisemi hukumu, kwa sababu nimekuta pia kiini cha swichi ya taa kikiwa kibovu na injini haina kosa lolote. Kifungueni kiini hicho, mfunge geji ya kweli mahali pake, msome.

Kitabu cha gari hili kinataka, injini ikiwa na moto na gari likienda kilomita 50 kwa saa katika gia ya juu, geji ionyeshe kati ya ratili 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Injini ya zamani ikisoma 35 bado ni mali. Ikisoma 15, hiyo inaomba krankshafti itazamwe.

Moshi wengi wenu mnaujua, lakini mara nyingi hutajwa kwa rangi tu, na rangi peke yake haitoshi. Yapasa kuuliza umetoka lini. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka wakati gari linapanda mlima na mzigo, oili inapita kwenye ringi. Ukitoka kama wingu mara moja, baada ya kuteremka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta na kisha kukanyaga, oili inashuka kwenye mirija inayoongoza miti ya valvu. Kwa mwenye kulipa, tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno. La pili linatengenezwa kwa kutoa kichwa cha injini tu. La kwanza linadai injini yote ishuke. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, nao ni ugonjwa wa kabureta, au wa chujio la hewa lililoziba. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imechemka ni maji yanayoingia katika silinda, na hapo fungueni kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, muiwashe, mtazame kama mapovu yanapanda.

Sasa nije kwenye kipimo ambacho nakithamini kuliko vyote, kipimo cha mgandamizo, ambao mafundi wetu huuita kompresheni. Geji yake si ya bei kubwa. Injini ichemshwe kwanza, plagi zote nne zitolewe, waya wa umeme wa koili uondolewe, betri iwe na nguvu, na mtu mmoja akanyage pedali ya mafuta hadi chini. Geji hubanwa katika tundu la plagi, stata ikazungushwa mpaka mshale usimame. Kila silinda iandikwe kwa namba yake. Hesabu ya namba huanza upande wa rejeta.

Hapa kuna jambo ambalo limewaponza mafundi wa sehemu zetu za milimani. Wanasoma namba iliyoandikwa kitabuni, wanaona geji yao haifiki, wanatangaza kwamba injini imekufa. Lakini hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda. Kwa kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kanieneo ya hewa hupungua kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, na kipimo cha mgandamizo hupungua pamoja nayo. Injini inayosoma 150 Tanga haitasoma 150 Arusha, mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, ingawa ni injini ile ile na siku ni ile ile. Kwa hiyo msiilinganishe injini na kitabu. Zilinganisheni silinda zenyewe kwa zenyewe. Zikisoma 125, 120, 125 na 122, hiyo ni injini iliyozeeka kwa haki, na mimi nitaiacha ifanye kazi. Zikisoma 130, 128, 80 na 130, kuna silinda moja mgonjwa, na ugonjwa wake bado hatujaujua.

Ili kuujua, mimineni kijiko kimoja cha oili katika silinda hiyo ya tatu kwa njia ya tundu la plagi, mpime tena papo hapo. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda mfupi. Namba ikipanda sana, ringi au kuta za silinda zimelika. Isipopanda, ringi hazina hatia. Tafuteni valvu isiyokaa vizuri, au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya kichwa imeungua kati yake, na hiyo ni kazi ya siku moja. Nimepata kuona chama kikinunua pistoni nne kwa sababu ya gasketi moja. Na kabla ya kuilaumu valvu, pimeni nafasi yake. Katika injini hii ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa valvu zote nane. Valvu iliyobanwa bila nafasi haifungi, hupoteza mgandamizo, na mwishowe huungua.

Mkikuta ringi zimelika, msikimbilie duka la spea. Ulizeni kwanza kilichozila. Chujio la hewa la gari hili ni la bakuli lenye oili, na kutoka humo hewa hupita katika bomba la mpira kuelekea kabureta. Mpira huo ukizeeka hupasuka kwa chini, mahali pasipoonekana. Ng'oeni bomba, pitisheni kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa kabureta. Kikitoka na vumbi jekundu, mmekwisha kumpata mwizi. Barabara zetu za kiangazi hutoa vumbi ambalo, likichanganyika na oili, husaga chuma kama msasa. Injini iliyofanywa upya na kurudishiwa bomba lile lile lililopasuka itarudi karakana mapema sana, na fundi atalaumiwa, wakati mwingine kwa haki.

Juu ya ulaji wa oili nitasema machache. Dereva asiseme "inakula sana." Aegeshe gari mahali tambarare, ajaze hadi alama ya juu ya kijiti, aandike kilomita, na baada ya kilomita 500 aandike ameongeza kiasi gani. Na achungulie chini kwanza, maana oili nyingine hailiwi, humwagika. Ikiwa inadondoka katika tundu lililo chini ya nyumba ya flaiwili, inuseni. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, ya injini haina. Pua itawaambia ni sili ipi imekwisha. Gari kuukuu likitumia lita moja kwa kilomita 1,000, na halitoi moshi wa kuaibisha, mimi binafsi silifungui. Wengine katika karakana yetu hawakubaliani nami.

Milio. Chukueni bisibisi ndefu, ncha yake juu ya chuma cha injini, mpini sikioni, mkitahadhari na feni. Mlio mwepesi wa juu, ti-ti-ti, usiobadilika kwa mzigo, ni wa valvu, na kwa kawaida haudhuru. Mlio mkavu wa kugonga unaosikika mguu unapolegezwa kidogo katika mwendo wa kati, hushukiwa kuwa wa beringi ya konrodi. Toeni waya wa plagi moja moja, mkiushika kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme. Mlio ukipungua unapotolewa waya wa silinda fulani, ni konrodi ya silinda hiyo. Mlio mzito wa chini, kama mtu anayetwanga katika nyumba ya pili, unaozidi gari linapovuta mzigo, ni wa beringi kuu. Kwa milio hii miwili ya mwisho gari lisitembezwe tena hata kilomita moja. Beringi iliyolegea ni gharama ya beringi. Likiendelea kwenda mpaka injini inoki, ni gharama ya krankshafti, na krankshafti ya gari hili siku hizi haipatikani kila duka.

Naja sasa chini ya gari, ambako niliadhibiwa. Ndugu Madereva, sikilizeni sana hapa, kwa sababu ni habari ya uhai. Hendobreki ya Land Rover hili haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa, pale inapoanzia propela ya nyuma. Kwa hiyo mkiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gurudumu hilo linakuwa huru kuzunguka, na gari zima linaweza kuondoka ingawa hendobreki imevutwa hadi mwisho. Na mkiitoa propela ya nyuma, hamna hendobreki kabisa. Nililiona gari likishuka toka kwenye jeki, na aliyekuwa chini yake alitoka kwa sababu tu alikuwa mwembamba. Wekeni mawe au vigingi pande zote za magurudumu, kila mara, hata mkiona ardhi ni tambarare.

Hata hivyo umbo hilo la hendobreki linatusaidia katika kupima. Vuteni hendobreki. Sasa ngoma imeshikwa, na yote yaliyo nyuma yake yanaweza kuchunguzwa peke yake. Shikeni propela, mpinde huku na huku. Mchezo mkiuona kwenye msalaba wa jointi, ni jointi. Jointi zikiwa kimya na propela ikazunguka kidogo pamoja na shingo ya difu, mchezo uko kwenye difu au kwenye meno ya shafti za magurudumu. Kisha legezeni hendobreki, tieni gia, injini ikiwa imezimwa, mpinde tena. Mchezo uliozidi hapo ni wa transfa na giaboksi. Land Rover la zamani lina mchezo kidogo kila mahali, na ukiujumlisha wote hugonga kidogo linapoondoka. Hilo lisiwatishe. Cha kutafuta ni mahali pamoja palipozidi wenzake.

Propela ikipata kutenganishwa katikati na kurudishwa, tazameni kwamba uma za ncha zake mbili zimekaa katika mstari mmoja. Zikipishana gari litatetemeka, na watu watalaumu matairi, kisha injini.

Giaboksi na klachi hujieleza zenyewe mkijua kuuliza. Injini ikiunguruma, gia ikiwa huru, mguu haupo juu ya klachi, mkisikia mkwaruzo unaokoma mnapokanyaga klachi, ni beringi ya giaboksi. Mkwaruzo ukianza mnapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe. Gia inayoruka yenyewe mguu ukiondolewa kwenye mafuta imechoka. Giaboksi huchukua lita 1.5 za oili na transfa lita 2.5, kila moja na kifuniko chake, na sili ya kati ikifa oili huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kudondoka hata tone chini. Kwa hiyo pimeni zote mbili. Oili ya difu imwageni kwenye chombo safi, mpitishe sumaku. Uji wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza vidole ni meno ya gia.

Mwisho katika upimaji, ombeni gari liendeshwe likiwa katika gia ya magurudumu ya nyuma tu. Kitufe cha manjano kikibonyezwa chini, nguvu huenda mbele pia. Gari lililovunjika shafti ya nyuma linaweza kutembea vizuri kwa magurudumu ya mbele, na mnunuzi asijue mpaka afike nyumbani. Hali kadhalika dereva anayesahau kitufe hicho chini akiwa kwenye lami anaiua transfa, kwa kuwa gari hili halina difu ya katikati ya kugawanya mwendo wa mbele na wa nyuma.

Mtaniuliza: baada ya kupima, je, litengenezwe au liuzwe? Fundi asijibu peke yake. Kazi yangu ni kuwapa karatasi yenye namba za silinda nne, kipimo cha oili, mahali mchezo ulipo, na bei ya kila kimoja. Kazi ya Bodi ni kuiweka karatasi hiyo kando ya hesabu ya msimu. Maoni yangu, mkiyataka, ni kwamba kama fremu imeliwa na kutu, injini nzuri isiwashawishi. Na kama fremu ni nzima na kilichokwisha ni kimoja, fanyeni hicho kimoja mwache vingine. Chama kile cha kahawa kingefanya hivyo kama mimi ningelala chini mapema, na bati zingepigwa.

Fomu za vipimo ziko mezani kwa mtunza stoo, na geji ya mgandamizo huazimwa kwa barua ya Katibu, irudishwe kabla ya siku saba kupita. Gari la mfano liko nje chini ya mwembe. Nimemwomba dereva wake asiliwashe tangu jana jioni. Twendeni tukalisikie lingali baridi.